Hapa walimtazama kwanza, pesa zikafuata

Nyota 4 kati ya 5. Ile moja niliyobania nitaieleza mbele, na sina wasiwasi na hizo nne.

Mimi ni fundi wa nguo, nashona sare za shule hapa Kayole. Kifungua mimba wangu ana miaka 13, yuko Gredi ya 8. Alipasuliwa katika hospitali hii Jumamosi moja ya Julai kwa ugonjwa ambao kabla ya alfajiri hiyo sikuwa nimewahi kuusikia ukitajwa: korodani ilijisokota. Naandika kwa kirefu kwa sababu nilipokaa kwenye benchi nje ya thieta nilitafuta kwenye simu mzazi mwenzangu aliyepitia haya akaandika kwa Kiswahili, sikumpata.

Aliamka na maumivu saa 9 usiku. Hakuniamsha. Baba yake ni dereva wa lori, na usiku huo alikuwa Malaba akingoja kuvuka mpaka, kwa hivyo nyumbani tulikuwa mimi, yeye na dada zake wawili. Saa 10 kasoro robo nikamsikia akitapika. Nilimkuta amejikunja juu ya beseni, mikono ameibana katikati ya mapaja. "Mama, tumbo inaniuma." Tulikuwa tumekula chapati na maharagwe, nikayalaumu maharagwe. Nikamkorogea maji ya tangawizi, akayatapika pia. Jasho lilikuwa linamtoka na ile baridi yote ya Julai, na hapo ndipo nilipovaa leso juu ya nguo za kulalia, nikamwamsha binti yangu mkubwa afunge mlango, tukatoka.

Kuna kliniki karibu na kwetu inayokesha. Sitaitaja, maana sitaki kugombana na mtu, nataka tu mjue kilichotokea. Tulifika saa 10 na dakika 20. Kijana wa zamu alimwuliza anaumwa wapi, mwanangu akasema tumbo, basi ikawa tumbo. Akambonyeza juu ya shati. Akamtoa damu kupima homa ya matumbo, akasema tungoje majibu. Tuliyangoja dakika 40. Wakati huo wote mwanangu hakukaa kwenye kile kiti cha plastiki, alisimama ameinama huku amekishika kwa mikono miwili. Majibu yalipotoka nikaambiwa ana homa ya matumbo kidogo na asidi nyingi. Akadungwa sindano, nikapewa vidonge vya aina tatu, nikalipa shilingi 1,300.

Tulipofika mlangoni mwanangu akanivuta leso. Akaniambia kwa sauti ya chini sana, "Mama, si tumbo. Ni huku chini. Upande mmoja umevimba."

Nilirudi ndani nikamwambia yule kijana. Hakuinuka kitini. Alisema huenda aligongwa na mpira, nimkande kwa maji baridi na akaniongezea antibayotiki, nimrudishe Jumatatu kama hajapata nafuu. Nilimuuliza, "Huwezi kumtazama?" Akasema vijana wa umri huo huona aibu. Ni kweli wanaona aibu. Lakini aibu ya mtoto ni kazi ya mkubwa kuituliza, haifai kuwa sababu ya kumwacha bila kumpima. Hilo nalishikilia mpaka leo.

Kilichotuokoa ni simu. Katika chama chetu kuna dada mmoja ambaye ni muuguzi. Nilimpigia saa 11 na nusu nikiwa barabarani, nikamweleza. Alinikatiza baada ya sentensi mbili. Aliniuliza mambo matatu tu: maumivu yalianza ghafla au polepole, yalianza saa ngapi, ametapika? Kisha akasema, "Hiyo huenda ni korodani imejisokota. Usipitie kliniki nyingine. Nenda hospitali yenye thieta na daktari wa upasuaji, na usimpe chochote mdomoni, hata maji." Akanitajia hospitali hii. Akaongeza neno ambalo sasa nawaambia wazazi wote wanaoleta watoto kupimwa sare kwangu: "Ukifika, usiseme tumbo, usiseme sehemu za siri. Sema korodani, na useme saa."

Jirani yangu wa chini ana Probox ya kubebea mboga kutoka Marikiti. Kwa bahati alikuwa ndio anarudi na mzigo. Alishusha magunia mawili ya sukuma pale pale kwenye lami, akamlaza mwanangu kiti cha nyuma juu ya mabaki ya dhania, tukashika Outering. Jumamosi alfajiri barabara huwa nyeupe. Kila tuta tulilopita mwanangu alilia, na yule jirani kila mara alisema, "Pole kijana wangu, pole baba," kana kwamba tuta amelijenga yeye. Alikataa pesa ya mafuta. Mungu amkumbuke.

Tulifika langoni saa 12 na dakika 10. Sasa huduma yenyewe.

Soja wa lango hakutuuliza tumekuja kumwona nani. Alimwona mtoto, akakimbia kuleta kiti cha magurudumu. Kwenye meza wanapopima wagonjwa wanaoingia kulikuwa na watu kama kumi mbele yetu. Muuguzi akaniuliza shida. Nilimeza mate, nikasema kwa sauti ambayo kila mtu aliyekuwa pale aliisikia: "Korodani ya kushoto inamuuma tangu saa 9 usiku, imevimba, na ametapika mara tatu." Aliacha kufunga kile kitambaa cha presha kwenye mkono wa mzee aliyekuwa naye, akamwomba radhi, akasukuma kiti cha mwanangu yeye mwenyewe mpaka chumba cha ndani. Hakuna aliyenung'unika kwenye foleni. Yule mzee alisema tu, "Mpeleke, mpeleke mtoto."

Saa 12 na dakika 16 daktari alikuwa amesimama kando ya kitanda. Nayajua haya kwa sababu nilikuwa natazama saa kwenye ukuta kama mtu anayesubiri hukumu.

Daktari alikuwa binti mdogo, nilimpa miaka 27 au 28. Nikaona mwanangu anakaza mkanda wa suruali. Yule daktari akavuta pazia, akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto, akamwambia: "Mimi nimewaona wengi wenye shida kama yako, na si kosa lako. Nitakutazama mara moja. Unataka mama abaki au atoke?" Mwanangu alifikiri, akasema nibaki lakini nigeuke. Nikageuka nikatazama ukuta. Kwa hiyo sehemu ya kwanza niliisikia tu: shuka, glavu, "hapa? na hapa?", na mtoto akivuta pumzi kwa meno.

Kisha daktari akaniita nione kitu kimoja, baada ya kumwomba mwanangu ruhusa na kumfunika vizuri. Alichukua kile kijiti cha mbao wanachokandamizia ulimi. Akakipitisha taratibu kwenye paja la ndani la mguu wa kulia, kama mtu anayechora mstari wa chaki kwenye kitambaa. Korodani ya kulia ikapanda juu yenyewe, ikashuka. Akafanya vivyo hivyo kwenye paja la kushoto. Hakuna kitu. Ilikaa pale pale, juu kuliko mwenzake, imelala upande, ngozi yake nyekundu na imetuna. "Umeona?" akaniuliza. "Ya kawaida hushtuka. Hii haishtuki. Pamoja na kutapika na maumivu ya ghafla, mimi naamini imejisokota. Nampigia daktari wa upasuaji sasa hivi."

Nilimuuliza habari ya picha ya ultrasaundi, maana dada wa chama alikuwa ameitaja. Akanieleza kwamba ipo ultrasaundi inayoonyesha kama damu inapita, na husaidia sana pale daktari anapokuwa na shaka, kwa sababu kuna magonjwa mengine yanayofanana na hili: maambukizi ya mirija ya nyuma ya korodani, au kusokotwa kwa kile kinyama kidogo kinachoota juu yake, ambacho hakihitaji kisu. Lakini mtaalamu wa mashine siku ya Jumamosi huingia saa 2 asubuhi, na yeye hakuwa na shaka. "Nikingoja picha ili niwe na uhakika kamili, naweza kupata uhakika na nikakosa korodani." Maneno hayo niliyaandika kwenye simu.

Nikiambiwa nieleze kwa nini natoa nyota, nitataja hapo. Msichana wa miaka 27, Jumamosi alfajiri, zamu inakaribia kwisha, akamwamsha mkubwa wake kwa sababu ya kijiti cha mbao na macho yake mwenyewe. Wapo wengi wangesema tungoje saa 2.

Daktari wa upasuaji alifika saa 1 kasoro dakika 10, koti la baridi bado liko mwilini. Alipima tena kwa nusu dakika. Alinieleza akiwa amesimama, bila kuzungukazunguka: korodani huning'inia kwa kamba, ndani ya kamba hiyo mna mishipa inayoleta damu na inayorudisha damu. Ikijizungusha, mishipa inabanwa, damu haiingii, na nyama huanza kufa. Ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze nyingi mno huokoka, zaidi ya 9 katika kila 10. Baada ya hapo kila saa inakula nafasi, na ikipita siku nzima zinazookoka ni chache. Akanihesabia kwa vidole kutoka saa 9. Tulikuwa tumetumia karibu saa 4, na zaidi ya saa nzima katika hizo ilipotelea kwenye ile kliniki na homa yao ya matumbo.

Nililia hapo. Akaniacha nilie kidogo, kisha akanipa fomu.

Fomu ya ruhusa niisimulie, kwa sababu wengi tunatia sahihi bila kusoma. Ilikuwa na mambo matatu. Kwanza, watafungua na kuisokotoa. Pili, ikiwa hai wataishona mahali pake isigeuke tena, na ile ya kulia pia wataishona. Tatu, wakikuta imekufa kabisa wataitoa. Hilo la tatu lilinizuia kalamu. Nikampigia baba yake Malaba. Nikamsomea. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika, kisha akasema, "Wewe uko hapo, mimi siko. Tia sahihi, mama watoto." Daktari alikuwa ameshaniambia sahihi ya mzazi mmoja inatosha, lakini nilitaka kuisikia sauti yake.

Daktari wa nusu kaputi alimuuliza mwanangu alikula nini mara ya mwisho na saa ngapi, akaangalia meno na koo lake. Upasuaji wa kupangwa mtoto hufungishwa saa kadhaa, akaniambia, lakini huu haungoji tumbo litulie, kwa hiyo wana namna yao ya kumlaza haraka na kuilinda njia ya hewa asipaliwe na matapishi. Alimwambia mwanangu atahesabu kurudi nyuma kutoka 20. Saa 1 na dakika 20 mlango ukafungwa. Kisu kilianza saa 1 na dakika 35. Nimeiona kwenye karatasi waliyonipa. Kutoka langoni mpaka kisu ni dakika 85, na mpaka wakati huo hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza nina shilingi ngapi. Aliyekuja na karatasi aliuliza jina, umri na namba yangu ya bima ya afya ya SHA, basi. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Nilikuwa nimeisikia redioni mara nyingi. Siku hiyo niliiona ikifanya kazi.

Benchi la nje ya thieta ni la mbao, lina baridi, na dirisha moja halifungi vizuri. Wekeni hata godoro jembamba pale.

Saa 2 na nusu daktari alitoka, kofia bado kichwani. Alikaa kwenye lile benchi, hakunisimamia. Akaniambia walikuta imejizungusha mara moja na nusu. Walipoisokotoa ilikuwa ya rangi ya zambarau, karibu na nyeusi. Wakaifunika kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na chumvi, wakashughulikia ile ya kulia, kisha wakarudi kuifunua. Ilikuwa imeanza kuwa ya waridi. "Tumeiacha," akasema. Mimi nilishika mkono wake wenye unga wa glavu na sikuuachia upesi.

Nikamuuliza kwa nini na ya kulia, ambayo haikuwa na neno. Akanieleza kwamba korodani za watoto wengi zimeshikwa upande wa nyuma na utando, haziwezi kugeuka. Kwa wachache utando huo hukaa juu mno, korodani inabaki kuning'inia ndani huru kama ulimi wa kengele. Na mara nyingi anayezaliwa hivyo huwa hivyo pande zote mbili. Kwa hiyo ukitengeneza moja ukaacha ya pili, umemrudisha nyumbani na hatari ile ile.

Mimi nilielewa kwa namna yangu. Kifungo kilichoshikwa kwa uzi mmoja huzunguka. Mtoto akikimbia kinazunguka, akilala kinazunguka, na uzi unajipinda mpaka unakatika. Ndiyo maana sare zangu kila kifungo nakipitisha uzi mara nyingi kwenye matundu yote manne kisha nakizungushia shingo. Nikamuuliza kila moja ameitia mishono mingapi. Alitabasamu, akasema mitatu, kwa nyuzi zisizoyeyuka, ili zikae. Za ngozi ya nje ndizo zinazoyeyuka zenyewe. Ni kazi ya fundi, na niliiheshimu kama fundi.

Nilitaka pia kujua kama ni mpira, maana Ijumaa jioni alikuwa amecheza uwanjani mpaka giza. Alisema wakati mwingine huanza baada ya kugongwa, lakini mara nyingi hakuna sababu yoyote, na wengi huamshwa nayo usingizini kama huyu. Umri unaoathirika zaidi ni kati ya miaka 12 na 18, mwili unapobadilika na korodani zinapokua haraka. Watoto wachanga nao hupata, wengine wakiwa bado tumboni mwa mama. Kisha akamuuliza mwanangu, ambaye sasa alikuwa macho na midomo imekauka, kama maumivu hayo yaliwahi kuja yakaondoka yenyewe. Mwanangu akatazama dari. Akasema ndiyo. Mara mbili. Mara moja mwezi wa tano, asubuhi ya shule.

Naikumbuka asubuhi hiyo. Nilidhani anakwepa mtihani. Nilimfokea, akavaa viatu akaenda. Ilikuwa imejisokota ikajisokotoa yenyewe, na ilikuwa onyo, na mimi nilimfokea. Nimemwomba msamaha. Amesema ameshasahau. Mimi sijasahau.

Katika wadi mwanangu alikaa usiku mmoja. Wauguzi walikuwa wema, hasa wa zamu ya usiku aliyekuwa akimwita "bwana mkubwa" na kumfunika kila alipojifunua. Dawa za maumivu zililetwa kwa saa bila mimi kukumbusha. Uji ulikuwa wa moto. Blanketi ni nyembamba kwa Julai ya Nairobi. Njooni na lenu.

Kitanda cha pili kulikuwa na kijana wa miaka 15 kutoka shule ya bweni. Maumivu yalimshika Jumatano usiku, akaambiwa shuleni apumzike, akapewa dawa za maumivu, akaletwa Ijumaa. Yake ilikuwa imekufa, wakaitoa na kuishona ile iliyobaki. Mama yake alikaa akikunja na kukunjua kitambaa kile kile usiku kucha. Daktari alipita saa 3 usiku, akavuta kiti, akazungumza na yule kijana mwenyewe, hakuzungumza juu ya kichwa chake. Akamwambia korodani moja yenye afya kwa kawaida inatosha: sauti itakuwa nzito, ndevu zitaota, na siku moja akitaka watoto nafasi anayo. Akamwambia pia kwamba akishakua, kama pengo linamsumbua, yapo ya bandia ya kuwekwa ndani, na asiyeyataka hana upungufu. Kijana hakujibu. Lakini nilimwona amegeuka akaukabili uso wa daktari, na tangu mchana alikuwa ameukabili ukuta. Mazungumzo kama hayo hayaandikwi kwenye bili, na ndiyo yaliyonifanya niseme hospitali hii ina watu.

Pesa. Bima ya SHA, ile iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ililipa sehemu kubwa. Mimi nilitoa mfukoni shilingi 18,500, pamoja na dawa za kwenda nazo nyumbani. Michango yangu ilikuwa imelipwa; mama mwingine pale kaunta alikuwa hajamaliza kujisajili na alihangaika mno. Kila kitu niliandikiwa risiti, na nilipouliza shilingi 900 ni za nini, mhasibu alinifungulia orodha akanionyesha mstari kwa mstari.

Ile nyota moja iliyopungua ni ya kuruhusiwa kurudi nyumbani. Daktari aliandika karatasi ya kutoka Jumapili saa 4 asubuhi. Tukatoka saa 10 jioni. Karatasi ilikwenda kwa mhasibu, ikarudi, ikatakiwa muhuri wa mtu ambaye hakuwapo, ikangoja duka la dawa lifunguliwe baada ya chakula. Muda wa saa 6, mtoto ana jeraha la siku moja, amekaa kwenye kiti kwa sababu kitanda kilikuwa kimeshapewa mwingine. Hospitali iliyoweza kutoka langoni mpaka kwenye kisu kwa dakika 85 inaweza kupiga muhuri kwa chini ya saa 6. Nimeandika hivyo kwenye sanduku la maoni pia, na nimeacha jina langu.

Maagizo ya nyumbani yalikuwa wazi, ila yalitolewa kwa Kiingereza kwenye karatasi, nikamwomba muuguzi anieleze kwa Kiswahili, naye akanieleza vizuri: avae chupi ya kubana inayoinua, si kaptura pana, jeraha likae kavu siku za mwanzo, asipande baiskeli wala kucheza mpira kwa wiki 4, na akipata homa, usaha au maumivu yanayozidi, arudi bila kungoja miadi. Mimi nilimshonea chupi mbili za pamba yenye mpira laini kiunoni, mshono wa katikati nikaupeleka pembeni usimsugue. Zilimfaa kuliko za dukani.

Tulirudi kwa miadi baada ya wiki 2. Jeraha ni mstari mmoja katikati, mfupi kuliko kidole changu cha mwisho, limefunga. Daktari alisema hata iliyookolewa inaweza kusinyaa polepole, kwa hiyo atapigwa ultrasaundi baada ya miezi 3 kulinganisha ukubwa, na yeye mwenyewe ajizoeze kujipapasa mara moja kwa mwezi akioga ajue zilivyo. Mwanangu alitikisa kichwa kama mtu mzima aliyepewa kazi. Siku hiyo pale mapokezi karani alimuuliza amekuja kwa shida gani. Nilifungua mdomo nimjibie, akanitangulia. "Nilipasuliwa korodani," akasema, "nimekuja kuonyesha mshono."

Ukija usiku, usiende lango kubwa, hufungwa. Zunguka nyuma, lile lango dogo lenye taa ya njano, karibu na vibanda vya chai. Soja yuko macho saa zote. Mwambie korodani, na umwambie saa.